Septiki ya Nkuhungu: mafundi watatu na shimo moja

Gari la majitaka lilinyonya Jumanne. Ijumaa jioni choo cha ndani kikawa kimekataa tena, na maji ya bafu la uani yalikuwa yanapanda kwenye chemba. Ilikuwa Februari 2024, msimu ule wa El Niño ambao mvua zake zilipita kiasi. Nyumba iko Nkuhungu, Dodoma, upande wa bondeni. Mwenye nyumba ni mwalimu mstaafu. Anaishi na binti yake, mkwe na wajukuu, na vyumba vya uani amepangisha. Watu 12 kwa jumla, wote wanategemea tenki moja la septiki na shimo moja la kunyonya, lile linalopokea maji yanayotoka kwenye tenki ili udongo uyanywe.

Familia iliniomba nikae upande wao mafundi watakapokuja kutazama, kwa sababu nimezoea kazi za ujenzi na sikuwa na cha kuuza. Nakieleza kisa hiki kwa ruhusa ya mwalimu, bila majina ya watu wala ya kampuni.

Septiki ina tabu ambayo kazi ya paa au ya vigae haina: ikikamilika inafukiwa. Paa likivuja unaliona na unajua lilipo tundu. Tenki lisilo na sakafu unaweza kuishi juu yake miaka sita ukimsifia aliyelijenga. Dodoma ina tabu yake ya ziada. Mvua yetu ni milimita 550 hadi 600 hivi kwa mwaka, na karibu yote hushuka kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ardhi inakauka mpaka inapasuka. Watu wengi hujenga Julai hadi Oktoba, na shimo lolote lililochimbwa Agosti hunyonya, hata likichimbwa kwenye mfinyanzi. Ukilijaribu kwa ndoo tatu za maji utaona yanatoweka, utamlipa fundi na mtaagana kwa furaha. Februari ndiyo itakayokuambia ulinunua nini.

Ndivyo ilivyokuwa hapa. Nyumba ilijengwa 2017, mwaka mmoja baada ya serikali kutangaza kwamba inahamia Dodoma kweli, wakati kila mwenye kiwanja alikuwa anakimbizana na wapangaji. Aliyejenga nyumba ndiye aliyejenga septiki, kiangazi, kwa bei aliyoiongeza juu ya kazi nyingine. Shimo la kunyonya akaliweka kwenye kona ya chini kabisa ya kiwanja, kwa hoja ambayo mtu akiisikia haraka anaikubali: maji hushuka, basi yapelekwe chini. Lakini kona ya chini ndiyo pia ambako maji ya mvua ya kiwanja kizima, na ya kiwanja cha juu yake, huenda kujikusanya. Mwaka 2020 vikaongezwa vyumba vya uani. Bomba likaunganishwa kwenye chemba ya zamani, na hakuna aliyeuliza kama tenki linaweza kubeba watu wengine watano.

Kabla ya fundi yeyote kuitwa, aliyetoa ushauri wa kwanza wenye maana ni dereva wa gari la majitaka. Alipoitwa mara ya pili alimwambia mwalimu, "Mama, leo nikishanyonya, fungeni maji usiku kucha. Mtu asioge wala asiflashi. Asubuhi pimeni kwa mti." Wakafanya hivyo. Asubuhi maji ndani ya tenki yalikuwa yamepanda zaidi ya shubiri moja, na hakuna aliyefungua bomba.

Kipimo hicho hakina gharama, na watu wengi hukiruka. Tenki likijaa haraka baada ya kunyonywa kuna mambo mawili yanayoweza kuwa yanatokea, na tiba zake ni tofauti. La kwanza ni kwamba maji ya nyumba hayana pa kwenda: shimo la kunyonya limekufa, basi tenki linajaa kwa kadiri mnavyotumia. La pili ni kwamba maji ya ardhini yanaingia kwenye tenki kupitia sakafu au kuta, na hapo hata mkihama nyumba litajaa. Mwalimu alikuwa na yote mawili. Shimo la kona ya chini lilipofunguliwa mfuniko lilikuwa limejaa hadi mdomoni, juu limetanda utando mzito wa mafuta na povu. Utando huo ulipaswa kubaki ndani ya tenki. Ukiuona kwenye shimo la kunyonya, jua kwamba bomba la kutokea halina tii, kiungo cha bomba chenye umbo la herufi T, ile ya kuteremka chini ya utando ili yatoke maji ya katikati tu. Fundi wa 2017 alipitisha bomba lililonyooka. Kipande cha plastiki cha bei ya soda chache ndicho kilichoanza kuliua shimo.

Walikuja mafundi watatu.

Wa kwanza aliletwa na jirani. Kijana mchangamfu, mwenye heshima zake. "Shikamoo mwalimu." "Marahaba baba, karibu." Akazunguka, akachungulia chemba, akapiga mguu chini mara mbili. Hakukaa muda mrefu. "Hili limeziba tu, mwalimu. Tunachimba lingine pembeni, futi ishirini, tunafuata mchanga. Likifika mchanga halijai tena." Alitaka nusu ya fedha kabla, aanze kesho.

Mwalimu akamuuliza kazi yake mojawapo iko wapi. Akataja nyumba ya Ilazo. Binti alikwenda kuiona. Kweli kazi ilikuwepo na ilikuwa safi, ila familia ilikuwa imehamia mwezi uliotangulia. Shimo hilo lilikuwa halijalala hata na nusu ya msimu wa mvua.

Ushauri wake wa futi ishirini ulikuwa mbaya kuliko haraka yake. Mahali ambapo maji ya ardhini yanasimama karibu, kuchimba chini zaidi ni kuteremsha kinyesi ndani ya maji yenyewe. Majitaka husafishwa yanapopita polepole kwenye udongo usiojaa maji, wenye hewa, ambako vijidudu vya udongo vinafanya kazi yao. Ndiyo maana inatakiwa pabaki walau mita 1, na ikiwezekana mita 1.2 au zaidi, kati ya sehemu ya chini ya mfumo na kimo cha juu kabisa ambacho maji ya ardhini hufikia wakati wa mvua. Jirani wa upande wa chini ana kisima. Kutoka shimo la zamani hadi kisimani ilikuwa mita 12. Umbali unaoshauriwa ni mita 30. Shimo la futi ishirini lingemaliza harufu kwa mwalimu na kuihamishia taabu kwenye ndoo za jirani, bila harufu yoyote ya kumshtua.

Kilichomwangusha kabisa machoni pangu kilikuwa kingine. Alikuwa amekuja na kijana wa kibarua, na alipotaka kujua shimo lina kina gani akamwambia, "Hebu shuka uone." Mwalimu akakataa kwa sauti ambayo nadhani wanafunzi wake wa zamani wangeikumbuka. Shimo la majitaka lililofungwa lina gesi ambazo humwangusha mtu kabla hajapiga kelele, na anayemfuata kumwokoa naye huanguka. Watu wamekufa hivyo, wawili na watatu kwa mkupuo. Fundi anayemtuma mtoto wa mwenzake shimoni ili apime kwa macho kitu ambacho mti ungepima, siwezi kumwamini na tii yangu.

Wa pili ilikuwa kampuni. Walikuja na fulana zenye nembo na karatasi ya makadirio iliyochapwa. Nisiwaonee: walikuwa na namba ya mlipakodi, wanatoa risiti, na jina lao lilionekana kwenye orodha ya Bodi ya Usajili wa Makandarasi binti alipolitafuta. Hilo lina thamani. Mtu aliyesajiliwa ana anwani na ana cha kupoteza. Mafundi wengi wanaojenga septiki za majumbani hawamo kwenye orodha hiyo, na kutokuwemo peke yake hakumfanyi mtu kuwa tapeli. Lakini kama unampa mtu kazi kubwa ya mamilioni, dakika chache za kutafuta jina lake si nyingi.

Walichokuja kuuza ni tenki la plastiki la lita 4,000 lenye mfumo wa bakteria, "choo kisichojaa". Nimeshaulizwa na watu wengi kuhusu neno hili "kisichojaa". Bakteria humeng'enya sehemu ya kinyesi, kweli, kama wanavyofanya kwenye septiki ya kawaida bila kununuliwa. Tope hupungua, haliishi. Na maji hayamezwi na bakteria hata kidogo: lita zinazoingia ndizo zitakazotoka, na lazima ziwe na ardhi ya kuzipokea. Mwalimu akauliza swali zuri kuliko yote niliyoyasikia katika kisa hiki: "Hayo maji yakitoka kwenye tenki lenu, mnayapeleka wapi?" Meneja akajibu, "Kwenye lile shimo lenu, mama, si lipo?"

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo karatasi yao haikuligusa. Tenki la plastiki la lita 4,000 lililozamishwa kwenye ardhi iliyojaa maji, siku litakaponyonywa likawa tupu, litasukumwa juu na maji kwa nguvu inayofikia uzito wa tani 4. Bila kufungwa kwenye sakafu ya zege nzito linaelea, linakata mabomba na linapasua sakafu ya uani. Nilipouliza watalifunga vipi, yule fundi wao mkuu alionekana anayajua hayo, akasema zege litaongezwa. Kwenye makadirio halikuwemo. Dhamana ya miaka 10 waliyoitaja ilikuwa ya tenki lisipasuke. Udongo haukuwa na dhamana, na udongo ndio uliokuwa unaumwa.

Wa tatu alitoka kwa dereva.

Jambo hili ningependa lijulikane zaidi. Ukitaka fundi wa septiki Dodoma, waulize watu wa magari ya majitaka. Wao ndio wanaofungua mifuniko ya mji mzima. Wanajua tenki gani lina sakafu na lipi ni shimo lililovikwa tofali, nyumba gani wanaitwa kila mwezi na ipi huwaita baada ya miaka minne, na mara nyingi wanajua nani alijenga. Hawana sababu ya kumsifia fundi. Kwa hesabu ya biashara, fundi mbaya ndiye rafiki yao. Ila chagua gari linalokwenda kumwaga kunakoruhusiwa, kwenye mabwawa ya majitaka ya DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, kule Swaswa. Anayemwaga korongoni usiku ushauri wake nao uchukue kwa tahadhari hiyo hiyo.

Fundi huyu, mtu mzima wa makamo, alifika Machi kwa pikipiki huku mvua inanyesha. Kabla hajaomba kufunguliwa chochote aliuliza maswali ukumbini, na mwalimu akamjibu kama anayefanyiwa usaili. Bomba la majitaka la DUWASA liko umbali gani? Maana kama linafika mtaani, alisema, hamnihitaji, mnahitaji fundi bomba na fomu. Lilikuwa mbali. Mnakaa wangapi, na wapangaji wangapi? Mgao wa maji siku zipi, na siku ya maji mnafua nyingi kwa pamoja? Maji ya jikoni yanapita wapi? Maji ya paa yanamwagika wapi? Kisima kiko kwa nani?

Kisha akatoka akaenda kuzungumza na mzee wa nyumba ya pili, aliyekuwa akilima uwele pale kabla viwanja havijapimwa. Mzee akamwonyesha kwa fimbo: maji hukaa kutoka mti ule hadi ukuta ule, na majani huku hubaki mabichi hadi Juni. Fundi akapiga picha.

Alikataa kutaja bei siku hiyo. Alisema atachimba vishimo vya kupima na kwamba kazi hiyo ina malipo yake, wampe kazi wasimpe. Mkwe hakupenda. "Wenzako wametazama bure." Mimi nilikuwa upande wa fundi. Anayetazama bure lazima aone kazi, la sivyo amepoteza mafuta. Aliyelipwa kupima anaweza kukuambia huna haja naye, na huyu karibu aseme hivyo, kama itakavyoonekana.

Akachimba vishimo viwili vya upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60, kimoja karibu na shimo la zamani, kingine kwenye ukanda wa katikati ya kiwanja, chini kidogo ya tenki. Akavijaza maji jioni ili udongo ushibe usiku. Asubuhi akavijaza tena, akasimamisha mti wenye misumari miwili iliyoachana sentimita 2.5, akaanza kuhesabu muda kwa simu, mbele ya familia yote. Kwenye ukanda wa katikati maji yalishuka kutoka msumari hadi msumari kwa dakika 25. Kona ya chini, saa nzima ilipita na hayakushuka hata nusu ya hapo. Pembeni akachimba kishimo kirefu zaidi cha kutazama maji ya ardhini: katikati yalisimama kwenye mita 1.8, kona ya chini kwenye sentimita 90.

Namba hizi ndizo zilizochora kazi. Kwa desturi za upimaji huu, mahali ambapo sentimita 2.5 huchukua zaidi ya dakika 60 hapafai mifereji ya kawaida ya kunyonya (ile ya kokoto na mabomba yenye matundu), na zaidi ya dakika 30 hapafai shimo. Kona ya chini ilikuwa imekufa kwa hesabu yoyote ile. Ukanda wa katikati ulinyonya vizuri, lakini shimo lenye kina lingegusa maji. Mfereji wa sentimita 60 ungebakiza mita 1.2 za udongo wenye hewa chini yake. Kwa hiyo mifereji, mifupi kwenda chini na mirefu kwenda pembeni. Na kwa kuwa jua la Dodoma hukausha maji mengi kuliko yanayoletwa na mvua, mfereji ulio karibu na uso wa ardhi una msaidizi wa bure kwa miezi saba ya mwaka, msaidizi ambaye shimo la futi ishirini halimpati.

Faida ya kupima Machi ilikuwa kubwa. Udongo ulikuwa katika hali yake mbaya kuliko zote. Ndiyo maana nawaambia watu wachague fundi wakati wa mvua na wajenge kiangazi. Anayekuja kupima Septemba asipolowesha vishimo usiku kucha, matokeo yake ni ya Septemba tu.

Kuhusu tenki alisema jambo lililomshangaza mkwe: msijenge jipya. Alishusha mti na tochi iliyofungwa kwenye kamba, akapima urefu mita 2.4, upana mita 1.2 na kina cha maji mita 1.5. Ni kama lita 4,300. Akahesabu kwenye daftari: watu 12 kwa lita 80 kwa siku ni lita 960, na maji yanatakiwa kutulia ndani walau siku nzima, tope ni lita 40 hivi kwa mtu kwa mwaka, kwa miaka mitatu ni 1,440. Jumla lita 2,400, na nafasi inabaki kwa utando wa juu na kwa siku za wageni. Tenki linatosha. Kilichokosekana ni sakafu (chini palikuwa na mawe tu, yaliyoachwa makusudi ili "lisijae"), ukuta wa kugawa vyumba viwili, cha kwanza kikiwa theluthi mbili, na tii mbili. Kampuni ilikuwa tayari kulizika tenki hilo na kuuza lingine.

Hata hivyo bei yake yote kwa pamoja ilikaribia mara mbili ya ile ya fundi wa kwanza. Kokoto, mabomba yenye matundu na vibarua vya mita 36 za mfereji ni fedha. Familia ilijadili usiku ule, na sina haja ya kuyaeleza yote. Mwalimu alimaliza kwa kuuliza ni nani kati ya watatu aliyetaja mwezi wa Februari bila kuulizwa.

Mkataba ulikuwa kurasa mbili, ulioandikwa kwa mkono na binti, ukasainiwa mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Sheria yetu hutambua hata makubaliano ya mdomo, lakini nenda ukayathibitishe. Afisa afya wa kata naye alijulishwa. Nguvu ya karatasi ile ilikuwa kwenye ratiba ya malipo. Hakuna fedha iliyofungwa kwa tarehe wala kwa "nusu ya kazi". Kila fungu lilifungwa kwa kitu kinachoonekana kabla hakijafunikwa. Fungu baada ya tenki kukauka na kumwagwa sakafu. Fungu baada ya plasta na kipimo cha maji: tenki lijazwe, liwekwe alama, likae saa 24, na alama isishuke. Fungu baada ya mifereji kuwekwa kokoto na mabomba, ikiwa bado wazi, binti akiwa amepiga picha na kupima mteremko kwa pima maji. Asilimia 10 ya mwisho ikawekwa kwenye kipindi cha matazamio hadi Aprili 2025, yaani mpaka msimu mzima wa mvua upite. Fundi wa kwanza alipoulizwa kabla yake kama angekubali kuacha fedha hadi Aprili, alicheka. Wa tatu aliomba iwe asilimia 5, wakavutana, akakubali 10. Nadhani mvutano huo ulikuwa wa kweli: vibarua wake wanalipwa Jumamosi, hawalipwi Aprili.

Vifaa vilinunuliwa na familia. Mafundi wengi hupendelea kununua wao, na wengi hula cha juu dukani. Hata mwaminifu hupewa bahasha na mwenye duka bila kuiomba. Kwa kununua wenyewe mkwe alijua idadi ya mifuko ya simenti, na fundi hakuwa na sababu ya kuibana.

Hadi Julai familia iliishi kwa kubana. Maji ya kufulia yakaelekezwa kwenye migomba, gari likaja kila ilipobidi, na mpangaji mmoja akahama akilalamika, kwa haki yake.

Kazi ilianza ardhi ilipokauka. Tenki lilinyonywa, likaoshwa, mifuniko ikaachwa wazi siku kadhaa, feni ikapuliza ndani kabla mtu hajashuka. Na aliyeshuka alifungwa kamba, juu wamekaa wawili wasioruhusiwa kwenda hata dukani. Vibarua walimwona fundi kama mwoga.

Nisimfanye malaika. Lori la kokoto lililoletwa na rafiki yake lilikuwa na vumbi karibu robo, na vumbi likiingia kwenye mfereji huziba matundu na kufunika udongo unaopaswa kunyonya. Binti aliinua konzi moja, akaiosha kwenye beseni, maji yakawa tope. Fundi akatetea: "Hii ndiyo kokoto ya Dodoma, dada." Binti akasema basi ioshwe hapa hapa, au irudi. Walibishana mchana kutwa. Ikachekechwa. Kama mifereji ingekuwa imefukiwa siku ile, nisingekuwa na kisa cha kueleza, na yeye angelipwa kwa kazi ambayo ingekufa baada ya miaka mitatu. Alikuwa fundi bora kati ya wale watatu kwa mbali, na bado karatasi ile ilihitajika.

Kipimo cha saa 24 kilishindwa mara ya kwanza. Alama ilishuka vidole viwili. Kulijaza tenki kulikuwa kumemaliza maji ya mgao wa siku nzima, na mkwe alitaka wasamehe. Fundi mwenyewe ndiye aliyekataa. Akatafuta, akakuta ufa pale bomba linapotokea ukutani, akaziba kwa simenti yenye dawa ya kuzuia maji. Mara ya pili ilisimama.

Mvua za msimu uliofuata zilipita. Januari mwishoni mwa wiki moja nzito, mfereji wa chini ulitoa unyevu juu. Akapigiwa, akaja kesho yake, akakuta maji ya paa la nyuma yanaelekea pale. Akachimba mtaro mdogo wa kuyageuza na hakudai kitu. Asilimia 10 yake alipewa Aprili. Kisima cha jirani sasa kiko zaidi ya mita 30 kutoka mfereji ulio karibu, ingawa nimewashauri waendelee kuchemsha maji ya kunywa, maana kona ile ilipokea majitaka kwa miaka saba. Mifuniko ya tenki ni mizito kupita kiasi. Inahitaji wanaume wawili, na najua kwamba kitu kizito hakifunguliwi kukaguliwa. Hilo tulimwambia na hajalirekebisha.

Mpaka wa kisa hiki ni ukubwa wa kiwanja. Mwalimu alikuwa na ukanda wa kuweka mifereji mitatu ya mita 12. Mwenye kiwanja cha mita 15 kwa 20 kwenye bonde hilo hilo, nyumba imekula karibu chote, hana nafasi hiyo, na fundi mwaminifu atamwambia hivyo badala ya kumchimbia. Kwake kinachobaki ni tenki lisilovuja la kuhifadhi tu, gari la majitaka kwenye bajeti ya kila mwezi, na kwenda DUWASA yeye na majirani zake kuulizia bomba litafika lini.